Maana ya ingizo linaloeleweka kwa anayeanza Kivietinamu

Ingizo linaloeleweka ni lugha ambayo mtu anaisikia au kuisoma na kuupata ujumbe wake, ijapokuwa baadhi ya maneno na miundo iliyomo bado ni migeni kwake. Maana humfikia kwa njia nyingine kwanza, kama vile picha, ishara ya mkono, kitendo kinachofanyika mbele ya macho yake au maneno machache anayoyafahamu tayari, na ile sehemu ngeni hujishikiza kwenye maana hiyo. Kwa hiyo, kuisikiliza redio ya Hanoi kutwa nzima bila kuambulia chochote si ingizo la aina hii, na wala somo la sarufi ya Kivietinamu linalotolewa kwa lugha nyingine halihesabiwi, kwa sababu ndani yake Kivietinamu huzungumziwa tu, hakizungumzwi.

Dhana hii ilipata umaarufu kupitia kazi za mwanaisimu wa Marekani, Stephen Krashen, hasa tangu mwaka 1982. Krashen alitenganisha kujifunza lugha kwa makusudi, yaani kuzijua kanuni zake, na kuipata lugha bila kujitambua kwa kuelewa ujumbe. Alidai kwamba ufasaha hutokana na hiyo njia ya pili, na kwamba lugha inayomfaa mwanafunzi ni ile inayozidi kiwango chake kwa hatua moja, jambo aliloliandika kwa alama ya i+1. Alama hiyo inavutia, lakini haipimiki: hakuna awezaye kuonyesha hiyo moja inaanzia wapi na kuishia wapi. Mbinu yenye msimamo mkali zaidi ilianzishwa Bangkok mwaka 1984 na J. Marvin Brown, aliyefundisha Kithai, ambacho pia ni lugha ya toni (yaani lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno), kwa kuwataka wanafunzi wasikilize kwa muda mrefu bila kulazimishwa kusema lolote.

Katika video zinazofuata dhana hii, zilizoandaliwa kwa ajili ya wanaoanza Kivietinamu, mwalimu huongea Kivietinamu kitupu, polepole, huku akionyesha anachokitaja. Huinua picha ya paka na kusema «Đây là con mèo», yaani huyu ni paka. Kisha humlaza paka na kusema «Con mèo ngủ», paka analala. Halafu huuliza iwapo paka analala au anakula, na kulijibu swali lake mwenyewe. Marudio hayo ndiyo yanayofanya kazi. Vilevile Kivietinamu chenyewe kinamsaidia anayeanza, kwa kuwa kitenzi hakibadiliki kulingana na mtenda wala wakati: neno «ăn», kula, hubaki hivyo hivyo, na wakati huonyeshwa kwa vijineno kama «đã» au «sẽ», ambavyo mara nyingi huachwa kabisa muktadha ukitosheleza. Hata lile neno «con» linalotangulia jina la mnyama, na «cái» linalotangulia majina ya vitu vingi visivyo hai, halimsumbui sana mtu aliyekulia katika lugha yenye ngeli. (Msemaji wa Kiswahili ana nafuu nyingine pia: ng ya mwanzo wa jina kama Nguyễn hutamkwa kama ng' ya ng'ombe, na nh ya mwanzo wa neno ni kama ny ya nyumba.)

Ugumu uko kwenye toni, na hapa ndipo dhana yenyewe inapohitaji kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa kwa kawaida. Matamshi ya Hanoi yana toni 6, na maneno yanayofanana katika sauti nyingine zote hutofautishwa kwa toni peke yake: «bàn» ni meza, «bán» ni kuuza, «bạn» ni rafiki. Sasa mwalimu anapoigonga meza kwa kiganja huku akisema «bàn», mtazamaji huelewa papo hapo, na angeelewa vilevile hata kama toni ingekuwa nyingine, kwa maana jicho limekwisha kumaliza kazi ambayo sikio lilipaswa kuifanya. Ujumbe umefika, masharti yote ya ingizo linaloeleweka yametimia, lakini toni imepita bila kusikika. Mtafiti wa ujifunzaji lugha, Richard Schmidt, alidai mwaka 1990 kwamba mwanafunzi hawezi kuchukua kutoka katika lugha anayoisikia kitu ambacho hakukitambua, na kwa upande wa toni hoja hiyo ina uzito. Kwa maoni yangu, si kosa kuirudia video ileile mara ya pili bila kuitazama, kwa masikio tu, wala kutenga muda wa zoezi la kutofautisha toni pekee, ingawa wafuasi wa Brown hawataliafiki hilo la mwisho.

Jambo ambalo video hulifundisha vizuri kuliko orodha yoyote ya msamiati ni namna watu wanavyoitana. Katika mazungumzo mengi ya Kivietinamu, nafasi za mimi na wewe hushikwa na maneno ya undugu: «anh» ni kaka, «chị» ni dada mkubwa, «em» ni mdogo, «bà» ni bibi. Mtu huyohuyo hujiita «em» anapoongea na aliyemzidi umri kidogo, na «chị» au «anh» anapomgeukia mdogo wake. Mtazamaji anayewaona wahusika, akajua nani mkubwa na nani mdogo, huupata utaratibu huu bila kuelezwa. Hata hivyo, mwalimu anayezungumza peke yake mbele ya kamera huwaita watazamaji wake wote «các bạn», yaani marafiki, na anayetazama video za namna hiyo tu atabaki na njia moja ya kuwaita watu, isiyofaa kwa mzee. Video za hadithi, zenye wahusika wa rika mbalimbali, zina faida zaidi katika hili.

Kuelewa peke yake kuna mpaka. Mwaka 1985 mtafiti Merrill Swain, akiwachunguza watoto nchini Kanada waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa, alionyesha kwamba walielewa vizuri sana lakini usemaji wao ulibaki na kasoro za sarufi, na akahitimisha kwamba kusema nako kuna mchango wake. Taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia lugha hukadiria saa 1,100 za darasani kwa Kivietinamu, na darasani humo watu husema, hawasikilizi tu.

Mwishowe kuna suala la lahaja, ambalo ni afadhali liamuliwe mapema. Katika matamshi ya kusini, pamoja na Jiji la Ho Chi Minh, toni mbili kati ya zile 6 zimeungana, herufi d husikika kama y badala ya z ya Hanoi, na hata maneno ya nyumbani hutofautiana: baba ni «bố» kaskazini na «ba» kusini. Anayeanza akichanganya walimu wa pande zote mbili hupunguza kile anachoweza kukielewa, na video iliyokuwa ya kiwango chake huacha kuwa hivyo. Lahaja ya pili inaweza kusubiri hadi ya kwanza ifuatike bila msaada wa picha.