Je, wajua kwa nini moyo huendelea kwenda mbio wiki kadhaa baada ya kuanza dawa ya thairoidi?

Dada yangu alikuwa wiki ya pili ya kumeza kabimazoli, na bado kikombe kiligonga kisahani kila alipoinua chai. Amekaa tu, moyo unapiga mara 110 kwa dakika. Nikamwambia dawa haimfai, arudi abadilishiwe. Nilikosea, na wapo wanaofikiri hivyohivyo wakaacha vidonge kabisa.

Thairoidi ni tezi iliyo mbele ya shingo. Ikizidisha homoni, mara nyingi kwa ugonjwa wa Graves ambapo kinga ya mwili huichochea bila kukoma, mtu hukonda huku anakula vizuri, hutoka jasho na hukosa usingizi.

Kabimazoli huzuia homoni mpya isitengenezwe. Iliyokwisha kutengenezwa haiigusi. Chukua tangi la maji juu ya paa: umefunga koki inayolijaza, lakini bomba la jikoni linamwaga vilevile. Aliye jikoni ataapa kwamba koki haijafungwa. Thairoidi nayo ina tangi lake, akiba ya homoni ya wiki kadhaa, jambo la ajabu kwa tezi ya homoni. Hata iliyomo kwenye damu haiishi upesi. Thairoksini, homoni kuu ya tezi hii, huchukua siku kadhaa kupungua nusu. Ndiyo maana nafuu kamili huchukua kama wiki 3 hadi 8, na mwenye rovu kubwa, yaani uvimbe wa tezi hiyo shingoni, huenda akangoja zaidi. Propranololi, ambayo wengi wasio na pumu hupewa mwanzoni, hailigusi tangi. Hutuliza moyo na mikono ndani ya saa chache.

Kipimo cha TSH, homoni kutoka chini ya ubongo inayoiamuru thairoidi ifanye kazi, nacho hukawia. Kinaweza kubaki chini kwa miezi ilhali thairoksini imekaa sawa, kwa hiyo visomwe pamoja.

Kisichongojwa ni homa au koo kuuma ukiwa kwenye kabimazoli: acha dawa, ukapime chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo, kwani mara chache dawa hii huzishusha mno.

Kwa kawaida dozi ya Graves ni miezi 12 hadi 18. Baada ya kuacha, karibu nusu ya wagonjwa hurudiwa, wengi ndani ya mwaka wa kwanza. Hapo kuna iodini ya mnururisho inayoiunguza tezi au upasuaji wa kuiondoa, na baadaye wengi humeza levothairoksini, thairoksini ya kidonge, kila siku, maisha yao yote, wakifanya kazi na kulea kama wengine.

Kikombe cha dada kilinyamaza wiki ya sita. Sasa yuko mwezi wa 14, na bado anapima.