"Hati ina jina langu, namuuliza nani?" na mengine yanayokwamisha mauzo ya nyumba Dodoma

Swali hili huja likiwa limeshavaa jibu lake, na mara nyingi huja siku ambayo bei imekubaliwa, dalali ameshaanza kuhesabu chake, na kinachosubiriwa ni muhuri wa wakili tu. Wakili anauliza, "Na mama yuko wapi?" Muuzaji anakasirika. Mnunuzi anarudisha kalamu mezani.

Tuliseme hili kwa mara nyingine, pole pole. Jina kwenye hati linaonyesha nani amesajiliwa kuwa mmiliki. Halisemi nani mwingine ana haki ndani ya nyumba hiyo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mume au mke anayemiliki nyumba ya ndoa kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ipo. Soma tena: anayemiliki. Kifungu hakikuandikwa kwa ajili ya nyumba zenye majina mawili kwenye hati. Kiliandikwa kwa ajili yako wewe unayesema hati ina jina lako.

Kikitajwa kifungu hicho, zinakuja hoja za akiba. Ya kwanza ni "nilijenga kabla sijaoa." Sawa, lakini mnaishi wapi? Nyumba mnayolala na kuamka kama mume na mke ndiyo nyumba ya ndoa, hata kama msingi wake ulichimbwa ukiwa kapera. Tena Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, inatambua maslahi ya mwenza aliyechangia kwa nguvu zake katika kuitunza na kuiendeleza ardhi ya mwenzake. Aliyesimamia mafundi, akamwagilia zege na kupanda miti mnayoringia leo amechangia, risiti awe nayo asiwe nayo.

Ya pili: "hatujafunga ndoa, tunaishi tu." Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, watu wakawajua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Atakayetakiwa kuthibitisha vinginevyo ni wewe, mahakamani, wakati mnunuzi anasubiri.

Ya tatu ndiyo inayochosha kuliko zote: "tumeachana, yuko kwao Singida miaka minne sasa." Kuachana kwa miguu si kuvunjika kwa ndoa. Bila amri ya mahakama ndoa bado ipo, na bila mgawanyo wa mali hata huyo aliyeondoka na begi moja anaweza kuja kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Zuio likishaingia kwenye daftari, uhamisho haupiti. Na mauzo yakifanyika kwa kificho, mnunuzi aliyejua, au aliyepaswa kujua, anaweza kujikuta amenunua nyumba ambayo mke ana haki ya kuendelea kukaa ndani. Ndiyo maana benki, ambayo ndiyo mnunuzi halisi nyuma ya watumishi wengi wanaonunua kwa mkopo hapa mjini, haitoi hata senti kabla ya kuona ridhaa.

Kuna kosa dogo ndani ya hili kubwa. Mwenza anaitwa dakika za mwisho, anasaini kwenye mstari wa "shahidi", watu wanaridhika. Shahidi anathibitisha kwamba aliona mtu akisaini. Mwenye ridhaa anasema: mimi, mke au mume wa fulani, nimeelewa na nimekubali nyumba hii iuzwe. Andika hati ya ridhaa peke yake, itaje namba ya kiwanja, kitalu na eneo kama zilivyo kwenye hati, namba za NIDA za wote wawili, iwe na picha, isainiwe mbele ya wakili au kamishna wa viapo, na iambatanishwe na nakala ya cheti cha ndoa. Ndoa za mitala: kila mke ambaye nyumba hiyo ndiyo makazi yake aandike ya kwake. Asiye na mwenza aape kiapo cha hali ya ndoa. Mjane au mgane aweke cheti cha kifo, mtalaka aweke amri ya mahakama. Aliye nje ya nchi asaini mbele ya ofisa wa ubalozi au mthibitishaji wa huko, na hilo lianze mapema, kwa sababu karatasi za kusafiri hazina haraka.

Ushauri wangu, ambao wanaume wengi hawaupendi: ridhaa isainiwe kabla nyumba haijatajwa kwa dalali yeyote, iandikwe bei ya chini ambayo wote mmekubaliana, na ionyeshe hela itaingia akaunti ipi. Ikiwezekana iwe akaunti ya wote wawili. Mwenza aliyesaini akijua bei na akijua hela inakwenda wapi habadilishi mawazo wiki ya tatu. Anayebadilisha ni yule aliyejua nyumba inauzwa siku mgeni alipoingia sebuleni na futi kamba, akapima dirisha la pazia mpya huku yeye akiwa jikoni anasonga ugali.

Na kikao cha nyumbani kisiishie kwa wazazi. Watoto hawana umiliki, lakini wana shule. Mwaka wa masomo unaanza Januari na mtihani wa darasa la saba huwa Septemba. Ukikubali kukabidhi nyumba Agosti ukiwa na mtoto wa la saba umejitafutia kesi ya nyumbani. Tarehe ya kuhama, mahali pa kuhamia na vitu vinavyobaki viamuliwe mapema: tangi la maji na mnara wake, pampu, viyoyozi, kabati za jikoni zilizofungwa ukutani, taa za nje, banda la kuku. Kisichoandikwa kwenye mkataba ndicho kitakachowakosanisha kwenye makabidhiano. Kuhusu maji, waambieni wote wa nyumbani waseme ukweli uleule. Mnunuzi wa Dodoma huuliza maji kabla ya kuuliza vyumba, na baba akisema "yapo muda wote" kisha mtoto akasema "yanatoka Jumatano", hakuna hati itakayorudisha imani.

"Nyumba ya marehemu, ukoo umeshakaa ukaniruhusu"

Muhtasari wa kikao cha ukoo ni karatasi ya kupeleka mahakamani ili uteuliwe kuwa msimamizi wa mirathi. Si leseni ya kuuza. Mahakama ikishakuteua, jina lako linaingizwa kwenye hati kama msimamizi, ndipo unaweza kusaini uhamisho kwa mnunuzi. Ukiruka hapo umeuza mali ya mtu ambaye hayupo kusaini.

"Nina karatasi za CDA, zinatosha"

Zilitosha. CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilianzishwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017, kazi zake zikahamia halmashauri, ambayo leo ni ya Jiji. Wengi waliopewa viwanja enzi zile, Area C, Kikuyu, Makole na kwingineko, walipewa mikataba ya upangaji ya miaka 33 chini ya mamlaka ile. Piga hesabu: aliyeanza 1991 miaka yake imekwisha 2024. Anayekuja na mkataba huo akiamini anauza nyumba yenye hati, kwa kweli anauza foleni. Badilisha kwanza upate hati ya kipindi kirefu, ndipo utangaze. Bei ya nyumba ileile ikiwa na hati mkononi ni nyingine kabisa, kwa sababu sasa hata mwenye mkopo wa benki anaweza kuinunua.

Ukiwa kwenye ofisi za ardhi, kagua na herufi za jina lako. Hati inasema Joice, NIDA inasema Joyce. Hati ina majina mawili, NIDA ina matatu. Kiapo cha majina hurekebisha, lakini kinarekebisha vizuri zaidi kikifanywa kabla mnunuzi hajaanza kukutilia shaka. Omba pia upekuzi rasmi wa hati yako mwenyewe. Watu hushangaa kukuta rehani ya mkopo waliokwisha kuulipa zamani bado imeandikwa, kwa sababu hawakurudi benki kuchukua hati ya kufuta rehani na kuisajili. Na bikoni, yale mawe ya mipaka ya kiwanja: nenda uzione kwa macho. Kama zimefukiwa au fundi alizing'oa wakati wa kujenga ukuta, mpimaji azirudishe. Ukuta uliokula mita moja na nusu ya njia huonekana mara tu mthamini anapolinganisha na ramani.

"Mwenyekiti wa mtaa atatugongea muhuri, basi"

Mwenyekiti anaweza kuwatambua kuwa ni wakazi wake. Kuhamisha milki ya kiwanja kilichopimwa si kazi yake. Uhamisho una fomu zake za ardhi, namba 29, 30 na 35, una kibali, una uthamini ulioidhinishwa, una kodi, na unaishia kwa Msajili.

"Kodi ni ya mnunuzi"

Ushuru wa stempu kwa kawaida ndiyo, mnunuzi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni yako muuzaji, na bila cheti cha TRA hati haihami. Mkazi hulipa asilimia 10 ya faida. Faida ni bei ukitoa gharama za kupata na kuendeleza nyumba, lakini gharama unazoweza kuzithibitisha. Asiye na kumbukumbu za gharama anatozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa.

Tuchukue nyumba ya milioni 120. Mwenye risiti za milioni 95 ana faida ya milioni 25, analipa milioni 2.5. Mwenye nyumba ileile ambaye risiti zake zilifungiwa vitumbua analipa milioni 3.6. Makazi binafsi uliyomiliki mfululizo angalau miaka mitatu, na kuishi humo jumla ya miaka mitatu au zaidi, yana msamaha iwapo faida haizidi milioni 15. Ikizidi, msamaha haupo. Kwa hiyo miezi kabla ya kuuza, kusanya: risiti za EFD za saruji, nondo na mabati, mikataba ya mafundi, kibali cha ujenzi, mkataba wa ununuzi wa kiwanja. Na msiandike bei ya uongo kwenye mkataba. Mthamini ana namba yake, na hiyo ndiyo itakayotumika.

"Rangi mpya inatosha"

Rangi inaficha kwa miezi michache, basi. Nyumba nyingi za hapa huharibika kwa chini: maji ya chumvi na udongo wenye chumvi hupanda ukutani, plasta inatoa unga mweupe na kubanduka, kwa kawaida chini ya usawa wa kiuno. Ukipaka juu yake umenunua rangi mara mbili. Bandua plasta mpaka tofali, piga brashi chumvi yote, acha ukuta ukauke wiki kadhaa, piga plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji, ndipo upake. Na nyufa zisikutie hofu zote. Ule mwembamba kama unywele ni wa plasta. Unaotoka kona ya dirisha ukishuka kwa mshazari, ambao sarafu inaingia, mara nyingi ni msingi uliokaa kwenye udongo mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe pembeni, uangalie kama unakua. Mnunuzi akiona alama yenye tarehe ya miezi minne na ufa haujaipita, ametulia kuliko akiona kiraka kibichi.

Mchwa nao. Gonga fremu za milango kwa mpini wa bisibisi; inayolia kama debe tupu imeshaliwa. Kazi hizi zote zifanyike kabla ya mvua za Desemba.

"Nikiwapa madalali kumi itauzika haraka"

Itazunguka haraka. Kila mmoja ataweka cha juu chake, na mnunuzi yuleyule ataiona nyumba yako kwa milioni 110, 125 na 140 ndani ya wiki moja. Mpe mmoja au wawili, kwa maandishi, kamisheni ikijulikana.

"Kodi inakatwa kwenye Luku, sidaiwi"

Inayokatwa kwenye Luku ni kodi ya majengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine, ni ya kila mwaka, inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na malimbikizo yake yanazuia uhamisho hata kama umeme ulinunua jana. Lipa, chukua risiti, iweke kwenye faili moja na bili ya mwisho ya maji ya DUWASA. Siku ya makabidhiano mpige picha mita ya maji na ya Luku pamoja na mnunuzi, namba zionekane, kila mmoja abaki na nakala kwenye simu yake.