Hajakataa maziwa, amepoa

"Daktari, amekataa maziwa."

Sentensi hii, ya watu waliobaki na mtoto mchanga wa mbwa mikononi, nimeisikia hadi simu ikiita saa nane usiku naimalizia mwenyewe moyoni kabla mtu hajasema. Wiki hii nimeipata mara tatu. Kila mara nimeuliza swali moja, "Mdomo wake ni wa moto au wa baridi?", na kila mara nimejibiwa kwa swali: "Kwani inahusiana nini?"

Basi leo nakaa chini niandike, nikipigiwa mara ya nne nitume kiungo nirudi kulala.

Julai mwaka jana, hapa Iringa, mama mmoja mtu mzima aliingia klinikini sijavua hata koti. Asiyeijua baridi ya Iringa mwezi wa saba awaulize wanafunzi wa chuo waliotoka Tanga. Alibeba boksi la biskuti, ndani gazeti, juu ya gazeti watoto wawili wa mbwa wa siku tatu. Mama yao aligongwa na lori jana yake jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hawa hawataki kunyonya. Nimehangaika nao usiku kucha."

Bomba la sindano la mililita tano lilikuwa bado mkononi mwake, na maziwa ndani. Nikatia kidole mdomoni mwa wa kwanza. Ulimi ulikuwa baridi kama wa samaki aliyetolewa kwenye barafu. Kipimajoto changu ni cha kawaida, cha dijitali, kinaanza kusoma nyuzi 32. Kwa huyo kiligoma, kikaandika "Lo", yaani chini ya hapo, basi. Wa pili akasoma 33.1. Tumbo la wa kwanza lilikuwa limejaa, gumu; maziwa ya usiku kucha yalikuwa humo humo, hayajasogea. Kabla ya saa sita mchana yalianza kumtokea puani, akafa. Hakufa kwa njaa.

Mtoto wa mbwa wa wiki ya kwanza anatakiwa awe na joto la mwili la nyuzi 35 hadi 37. Si 38 na nusu kama mbwa mkubwa, kwa hiyo usiniletee mtoto wa 36 ukasema ana hali mbaya. Hajui kutetemeka bado. Siku zile za kwanza mwili wake hauwezi kujitengenezea joto kwa njia hiyo. Mafuta ya chini ya ngozi hana. Joto lake lote analiazima kwa mama na ndugu zake. Mama asipokuwepo anapoa kama chai iliyoachwa mezani, na akishuka chini ya nyuzi 34 na kitu hivi, utumbo unasimama. Maziwa unayomtilia hayasagwi, yanaganda na kuchachuka. Uwezo wa kunyonya nao unapotea, ndiyo hayo mnayoyaita kukataa. Ukimlazimisha, yanaingia kwenye mapafu. Hapo una nimonia juu ya baridi, na mimi sina cha kukusaidia zaidi ya kukuandikia dawa ambayo sote wawili tunaitilia shaka.

Kwa hiyo pasha moto kwanza. Maziwa baadaye.

Kupasha kwenyewe kunataka subira, na hapa ndipo watu wenye huruma wanapoharibu. Usimtumbukize kwenye maji ya moto. Usimweke juu ya chupa ya maji yanayochemka. Ukimpasha haraka, damu inakimbilia kwenye ngozi na moyo unashindwa. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya sweta, ujifunge kanga juu. Inachukua saa moja, mbili, wakati mwingine tatu. Kaa. Angalia mpira. Ukiwa na glukosi ya unga, iloweshe kidogo, chovya ncha ya kidole umpake kwenye fizi. Tone, si kijiko. Akishaanza kukitafuta kidole chako na kukivuta kwa nguvu, amerudi. Hapo ndipo unapochemsha maziwa.

Nikisema haya kwa watu wa Dar wananicheka. "Daktari, huku joto, baridi itoke wapi?" Ndugu yangu, mtoto huyu wiki ya kwanza anataka hewa ya nyuzi 29 hadi 32 pale alipolala. Si pale ulipo wewe kwenye kochi. Sakafu yako ni ya marumaru, feni inazunguka, na yeye kalowa mkojo wake mwenyewe. Watoto waliopoa nimeletewa Dar, mwezi wa kumi na mbili, na daktari aliyewapokea alikuwa anatokwa jasho.

Kiota ni rahisi: boksi, vitambaa, chupa ya plastiki ya maji ya moto iliyoviringishwa kitenge, iwekwe upande mmoja tu ili akizidiwa ajiburute upande wa pili. Taa ya vifaranga inafaa pia, ila iwe juu vya kutosha, nayo upande mmoja. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hapana. Nimeshazika watoto wa mbwa kwa sababu hiyo, na mwenye nyumba mwenyewe aliamka anaumwa kichwa. Aliponea chupuchupu.

Kuna lingine linalonikera linatokana na baridi hiyo hiyo: "Mama amemkataa kwa sababu mlimshika." Mbwa si ndege wa kwenye hadithi, anayesusa kinda likishikwa. Mbwa wa nyumbani anakujua harufu yako kuliko anavyomjua mtoto wake wa saa sita. Anamkataa kwa sababu ni uzazi wa kwanza na haelewi kilichotokea, au alizaa kwa upasuaji, au chuchu zimevimba na zinamuuma. Na mara nyingi, mara nyingi sana, anamsukuma pembeni kwa sababu mtoto amepoa. Kwake mtoto wa baridi ni mtoto aliyekufa. Nimewahi kumchukua aliyesukumwa, nikamkalisha kifuani saa moja na nusu, nikamrudisha, na mama akamlamba kana kwamba hakuna kilichotokea. Si wote wanaopokelewa. Ila jaribu hilo kabla hujatangaza yatima.

Akiwa bado hajamaliza saa 24 tangu azaliwe, pigania anyonye dang'a, maziwa yale ya kwanza, ya mama yake au ya mbwa mwingine aliyezaa siku hiyo. Kinga inapita utumboni saa za mwanzo tu, kisha mlango unafungwa.

Sasa maziwa yenyewe. Hapa ndipo kwenye ugomvi wangu na nusu ya nchi: nani aliwafundisha kuyachanganya maziwa ya ng'ombe na maji? Naambiwa "ni mazito, yatamzidi nguvu." Mazito kwa nani? Maziwa ya mbwa yana mafuta karibu asilimia 9 na protini 7 hadi 8. Ya ng'ombe yana mafuta chini ya 4 na protini 3 na kidogo. Maziwa ya ng'ombe kwa mbwa tayari ni maji. Kilichozidi humo ni sukari ya maziwa, na hiyo ndiyo inayomharisha. Mwenye mbwa anaona kuhara, anasema ni uzito, anaongeza maji, mtoto anakonda, analia, anapewa zaidi, anahara zaidi.

Tupige hesabu. Mtoto wa gramu 300 anahitaji kama kalori 65 kwa siku. Kwa maziwa ya mama yake hizo ni mililita 45 au 50. Kwa ya ng'ombe ni kama 100. Ukiyagawa nusu kwa nusu na maji, 200. Tumbo lake linabeba mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito, yaani 12 kwa mlo. Gawanya 200 kwa 12 uniambie utamnyonyesha mara ngapi kwa siku, na wewe utalala lini. Ya mbuzi? Mafuta yake yanayazidi ya ng'ombe kiduchu tu. Hayana muujiza.

Maziwa mbadala ya unga ya watoto wa mbwa ndiyo bora ukiyapata, na uyachanganye kama kopo linavyosema, si unavyojisikia. Huku kwetu mara nyingi hayapo, au bei yake inampita mbwa. Yasipokuwepo, mimi huwapa watu hii: robo lita ya maziwa mazima yaliyochemshwa yakapoa, viini vitatu vya mayai bila ute, kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya alizeti. Piga, chuja, weka kwenye friji, na kila mlo upashe kiasi chake tu hadi vuguvugu. Nguvu yake inakaribia ya maziwa ya mama. Kalsiamu yake si ya kutosha, najua, kwa hiyo ni ya kuvukia siku chache huku ukitafuta ya kopo. Wapo walionilelea mtoto kwa mchanganyiko huo mpaka mwisho na mbwa akatoka mzima. Sikuwashauri hivyo, na siwezi kujisifu nao.

Mlaze kwa tumbo, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyomnyonya mama yake. Usimpakate chali kama mtoto wa mtu! Tone kwa tone kwa bomba lisilo na sindano, au chuchu ndogo, avute mwenyewe. Maziwa yakitoka puani tangu mlo wa kwanza, fungua mdomo uangalie kaakaa. Likiwa limepasuka, nipigie, hiyo ni habari nyingine. Baada ya kula mbeulishe, kisha chukua pamba yenye maji vuguvugu umfute sehemu za haja mpaka atoe. Kwa wiki tatu za mwanzo hawezi mwenyewe, mama yake humlamba. Watu husahau hili, halafu wananiambia mtoto ana gesi.

Kuhusu mrija wa kulishia tumboni sina raha. Wenzangu wanaupenda, nami nautumia, ila kwa simu siufundishi. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliupitisha kwenye koo la hewa. Nilijua kwamba ukikosea mtoto atakohoa. Mtoto wa siku mbili hakohoi, na nililijua hilo kwa kumuua.

Vitabu vinasema mlo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mimi nasema tazama mizani. Mizani ya jikoni, asubuhi saa ile ile, andika. Akiongezeka kila siku, saa tatu zinatosha, na akishapita wiki mbili usiku unaweza kulala saa tano, sita mfululizo. Uzito wa kuzaliwa unatakiwa uwe mara mbili kati ya siku ya 10 na ya 14. Siku asipoongezeka, anza kuhangaika hata kama anaonekana mchangamfu. Na wapo wanaokufa wakiwa na joto, wameshiba, kila kitu sawa. Anaacha tu. Nimewapasua nisione kitu. Zamani nilikuwa nasema "maambukizi" ili nisionekane mjinga. Siku hizi nasema sijaona sababu.

Dawa ya minyoo siku ya 14, kisha kila wiki mbili. Minyoo wengine walimwingia tumboni mwa mama, kwa hiyo usiniambie hajawahi kugusa udongo. Chanjo tutaongea akifika wiki ya sita.

Kumwachisha ziwa huanza wiki ya nne, meno yakishachomoza. Uji mwepesi, ndiyo, lakini uji wa dona mtupu ni kosa lile lile la maziwa na maji: unajaza tumbo, haumlishi. Weka unga wa dagaa, yai lililochemshwa, na maziwa yake aliyoyazoea. Sahani bapa, si bakuli refu. Paka kidogo kwenye mdomo alambe. Punguza chupa taratibu, akifika wiki ya saba awe amemaliza. Tumbo likiwa kama ngoma na mbavu zinahesabika, huyo hajanenepa, rudia dawa ya minyoo. Na kama ni mmoja peke yake, mtafutie mbwa mwenye subira wa kumfinya sikio anapong'ata. Yatima waliolelewa na watu tu huwa wanang'ata kwa nguvu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwalilia "aii".

Yule wa pili, wa 33.1, alikaa ndani ya sweta la yule mama kwenye benchi langu hadi saa tano kasoro, akaanza kumvuta kifungo. Mama alikuwa anaandika uzito nyuma ya daftari la vikoba: 290, 301, 318. Siku iliyofuata ilikuwa 318 tena, akanipigia saa kumi na moja alfajiri kuniuliza kama ameua. Nilimwambia apime mdomo. Ulikuwa wa moto. Tukaongeza mlo mmoja.

Wiki ya nne alimletea uji kwenye sahani ya bati. Mbwa aliingia na miguu yote minne, akakaa katikati, akalamba sahani kuanzia chini ya matako yake.