Usimamizi wa maji ya chini ya ardhi katika dakio la kijijini

Usimamizi wa maji ya chini ya ardhi ni kazi ya kujua maji yaliyomo ndani ya udongo na miamba ya eneo fulani yanaingilia wapi, yanatokea wapi na yanachotwa kwa kiasi gani, kisha kupanga matumizi yake ili kina chake, yaani usawa wa uso wa maji hayo ardhini, kisizidi kushuka mwaka hadi mwaka. Ufuatiliaji ni sehemu ya kazi hiyo, nao ni kupima na kuandika mambo yale yale, mahali pale pale, kwa miaka mingi. Dakio ni eneo lote ambalo maji ya mvua yake huishia katika mto mmoja.

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania mvua huwa na msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Hata hivyo mito inayoteremka kutoka milimani kuelekea bonde la Usangu, kama vile Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, huendelea kutiririka Julai na Agosti, wakati mvua zimekwisha kitambo. Maji hayo ya kiangazi ni yale yaliyozama ardhini wakati wa mvua na sasa yanajitokeza polepole kwenye chemchemi na kingo za mito. Vinyungu vya Iringa na Njombe, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi, hutegemea unyevu huo huo. Kwa hiyo kisima na mto si mali mbili tofauti, na hili ndilo jambo ambalo mipango mingi ya maji vijijini hulisahau.

Kulisahau kuna gharama. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, baada ya kupita ardhioevu ya Ihefu. Sababu kubwa inayotajwa ni kuchepushwa kwa maji ya mito kwenda mashambani, wala si visima. Lakini pakisemwa kwamba wakulima waache mto wakachimbe visima kando yake, ni lazima kuuliza kwanza kama visima hivyo havitavuta maji yale yale ambayo yangefika mtoni wiki au miezi michache baadaye.

Kosa linalofanana na hilo ni kudhani kwamba kiasi cha mvua kinachozama ardhini kila mwaka ndicho kiasi tunachoweza kuchota bila madhara. Kabla kisima cha kwanza hakijachimbwa, maji hayo yalikuwa tayari na pa kwenda: chemchemi, mto, ardhioevu, mizizi ya miti. Kila lita inayopampuliwa hutoka ama kwenye akiba iliyoko chini, ambayo hupungua, ama kwenye mgawo wa mto na chemchemi. Kiwango salama cha uchotaji, basi, hakipatikani kwa hesabu ya mvua peke yake. Ni uamuzi wa watu wa dakio kuhusu upungufu gani wanaweza kuuvumilia, na uamuzi huo unahitaji vipimo. Jaribio la kupampua linalofanywa kisima kinapokamilika nalo halitoshi, kwa kuwa linaonyesha uwezo wa kisima kimoja kwa saa au siku chache, wala haliwezi kusema ni visima vingapi vya namna hiyo dakio litavibeba.

Miamba nayo huzuia kukisia. Sehemu kubwa ya Iringa na Njombe ina miamba mikongwe na migumu, ambamo maji hukaa katika tabaka la juu lililooza, yaani lililolegea na kuvunjikavunjika, na katika nyufa, hata visima viwili vilivyo karibu vikaweza kutofautiana kabisa. Rungwe ina miamba ya volkano, na Usangu ina mchanga na udongo ulioletwa na mito.

Kipimo cha msingi ni kina cha maji yaliyotulia. Hupimwa asubuhi kabla pampu haijawashwa, kwa kamba yenye alama za mita na kihisi kinacholia kikigusa maji, kuanzia alama moja isiyobadilika kwenye mdomo wa kisima. Kisima kilichoachwa kwa sababu kinatoa maji kidogo hufaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa hakuna pampu inayokivuruga. Pamoja na kina, huandikwa mvua ya eneo hilo na kiasi kinachochotwa kwa kusoma dira ya maji, yaani kifaa kinachohesabu maji yanayopita, na mara kwa mara ubora wa maji hupimwa. Kina kushuka Oktoba na kupanda Machi ni jambo la kawaida. Kinachopaswa kulinganishwa ni mwisho wa kiangazi kimoja na mwisho wa kiangazi kingine, na ndiyo sababu daftari la mwaka mmoja halisemi mengi. Pasipo daftari hilo, kisima kinachokauka huhesabiwa kuwa pampu mbovu, fundi huitwa, pampu hushushwa mita kadhaa, na tatizo hubaki pale pale.

Kupima kiasi kinachochotwa ndiko kunakopuuzwa zaidi, ingawa ndiko kwenye tofauti kubwa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ililenga lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250, yaani lita 6,250 kwa siku. Hekta moja ya mboga inayopewa milimita 5 za maji kwa siku hutumia lita 50,000, sawa na vituo vinane vya namna hiyo. Pampu ya dizeli ilikuwa na breki yake, nayo ni bei ya mafuta. Pampu ya sola ikishafungwa haimgharimu mwenyewe chochote kwa kila lita, kwa hiyo hana sababu ya kuizima. Dira kwenye kila kisima cha umwagiliaji, kwa maoni yangu, inapaswa kutangulia pampu yenyewe.

Kisheria maji si ya mwenye shamba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inayaweka chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na bodi za mabonde, kama Bodi ya Maji Bonde la Rufiji yenye makao yake Iringa, hutoa vibali vya matumizi. Jumuiya za watumia maji ndizo zilizo karibu na visima, nazo zinaweza kusoma dira na kupima kina. Daftari likionyesha kina kinashuka kiangazi baada ya kiangazi, Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilielekeza mahali pa kuanzia: iliyapa maji ya nyumbani kipaumbele cha kwanza na mazingira cha pili, kwa hiyo saa za kumwagilia ndizo hupunguzwa kwanza, na vibali vipya husimamishwa hadi kina cha mwisho wa kiangazi kitakapoacha kushuka.