Je, wajua kwa nini Washington huyalipa majimbo yapeleke majina ya wasiostahili kuuziwa bunduki?

Kwa miaka mingi niliamini Marekani ina kompyuta moja kubwa inayomjua kila mtu. Unaingia dukani, unachagua bastola, muuzaji anapeleka jina lako FBI (idara ya upelelezi ya serikali kuu), jibu linarudi: mwuzie, au usimwuzie. Ndiyo maana niliposoma kwamba serikali kuu ya huko hutenga ruzuku ili majimbo yapeleke kumbukumbu zao kwenye mfumo huo, nilishangaa. Kwa nini ilipie kitu inachoweza kuagiza tu?

Nilikuwa nafikiri Kitanzania. Kwetu Jeshi la Polisi ni moja, na agizo la IGP linafika mpaka kituo cha mwisho. Marekani ina vyombo vya polisi takribani 18,000, kaunti zaidi ya 3,000, na kila jimbo lina mahakama zake zenye makarani wake na makabati yake ya mafaili. FBI haiyamiliki mafaili hayo. Tena haina hata orodha ya wenye bunduki: mnunuzi akishapitishwa, taarifa za upekuzi wake, yaani ukaguzi wa rekodi zake, lazima zifutwe ndani ya saa 24.

Wala serikali kuu haiwezi kuagiza. Sheria ya Brady ya mwaka 1993 iliwataka masherifu, yaani wakuu wa polisi wa kaunti, wawapekue wanunuzi wakati mfumo wa kompyuta ukiandaliwa. Wawili kati yao, mmoja wa Montana na mwingine wa Arizona, walikwenda mahakamani. Juni 1997 Mahakama ya Juu ikaamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba Washington haina mamlaka ya kuwafanya watumishi wa majimbo kuwa watumishi wake. Mfumo wenyewe, unaoitwa NICS, ulianza kazi tarehe 30 Novemba 1998, na kituo chake kiko Clarksburg, West Virginia. Unategemea kile ambacho majimbo yamekubali kupeleka. Kwa hiyo mkono wa kushawishi uliobaki ni fedha.

Lakini fedha za nini hasa? Hapo ndipo nilipohitaji muda kuelewa, na naona ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Chukua daftari la madeni la duka la mtaani. Mwenye duka ameandika: "Juma, sukari kilo 2, unga kilo 5." Mstari umeishia hapo. Haukukatwa, wala pembeni hakuna neno "kalipa". Sasa wewe una duka mtaa wa pili, Juma amekuja kukukopa, na umepewa nakala ya ukurasa ule. Juma anadaiwa au hadaiwi? Daftari lipo, jina lipo, tarehe ipo, na bado hujui. Itabidi umtafute aliyeandika, naye huenda amesafiri, au deni lililipwa kwa mkewe ambaye hakuandika popote. Na wakati huo unamtafuta, Juma amesimama kaunta anasubiri.

Kumbukumbu nyingi za jinai Marekani ziko hivyo. Polisi huandika kwamba mtu alikamatwa, lakini hatima ya kesi inabaki kwenye faili la mahakama: alitiwa hatiani, aliachiwa, au kesi ilifutwa. Kukamatwa peke yake kwa kawaida hakumzuii mtu kununua bunduki. Mpekuzi wa FBI inambidi apige simu au atume faksi, na kwa kawaida ana siku 3 za kazi. Zikipita bila jibu, sheria ya nchi inamruhusu muuzaji kuuza.

Aprili 2015 kijana mmoja wa South Carolina alinunua bastola kwa njia hiyo. Kumbukumbu ilionyesha alikamatwa kwa dawa za kulevya na ikataja Kaunti ya Lexington. Waliomkamata walikuwa polisi wa jiji la Columbia, na kwenye ripoti yao alikuwa amekiri kuwa na dawa hizo, jambo ambalo lingetosha kumnyima silaha. Mpekuzi aliuliza Lexington, akaambiwa faili si la kwao. Polisi wa Columbia hakuwafikia. Siku 3 zikaisha. Tarehe 17 Juni kijana yule aliua waumini 9 kanisani Charleston.

Kuna mistari mingine ambayo haijaandikwa kabisa. Mwanafunzi aliyeua watu 32 katika chuo kikuu cha Virginia Tech tarehe 16 Aprili 2007 alikuwa ameamriwa na mahakama, Desemba 2005, atibiwe akili akitokea nyumbani. Sheria ya nchi ilimzuia kumiliki silaha, ila Virginia ilikuwa ikipeleka majina ya waliolazwa tu. Alinunua bastola 2, na mara zote mbili akapita. (Kinachozuia ni uamuzi wa mahakama au kulazwa kwa lazima. Ugonjwa wa akili peke yake haumzuii mtu, na wagonjwa walio wengi hawamdhuru yeyote.)

Januari 2008 Rais George W. Bush akasaini sheria iliyoanzisha ruzuku maalumu, juu ya ile iliyokuwapo tangu 1995. Fedha hununua mashine za alama za vidole, huunganisha kompyuta za mahakama na za polisi, na hulipa watu wa kupekua mafaili ya zamani na kujaza hatima za kesi. Mwaka 2009 majimbo 3 tu ndiyo yaliyopata: Nevada, New York na Oregon. Sharti moja liliyakwamisha mengi, nalo ni kuwa na utaratibu wa mtu aliyezuiwa kwa sababu za akili kuomba arudishiwe haki yake. Naliona ni sharti la haki.

Je, zilisaidia? Wakaguzi wa Bunge walisema mwaka 2012 kwamba kumbukumbu za afya ya akili zilipanda kutoka takribani 126,000 mwaka 2004 hadi milioni 1.2 mwaka 2011. Nisingeipa ruzuku sifa yote. Kipimo kinaanza miaka 5 kabla ya ruzuku ya 2009, ongezeko kubwa lilitoka majimbo 12, na majimbo 17 yalikuwa hayajafikisha hata kumbukumbu 10.

Na pengo jingine lilikuwa ndani ya serikali kuu yenyewe. Aliyeshambulia kanisa la Sutherland Springs, Texas, Novemba 2017, alikuwa ametiwa hatiani na mahakama ya kijeshi kwa kumpiga mkewe na mtoto. Jeshi la Anga halikupeleka taarifa FBI. Taasisi za Washington zenyewe hazingojei ruzuku, kwa hiyo sheria ya Machi 2018 ilitumia njia nyingine: kwa miaka ya fedha 2019 hadi 2022, taasisi isiyotimiza mpango wake wa kupeleka kumbukumbu, wakuu wake walioteuliwa kisiasa hawakustahili bonasi.