Mtafute Babu Kwenye Deni Lake

Watu wengi wanaofika kwetu kwenye chumba cha kusomea nyaraka huanza na sentensi moja: "Babu yangu alikuwa tajiri, akifanya biashara bara." Ukimuuliza jina, anakwambia Hamisi. Hamisi bin nani? Bin Juma. Wa wapi? Hapo ndipo anapotoa karatasi ya nasaba, majina saba au manane yaliyopangwa kama ngazi, la juu kabisa likiwa la mtu aliyetoka Omani au Hadhramaut karne zilizopita. Kaipata kwa shangazi, na shangazi kaipata kwa mjomba.

Mimi huipokea karatasi hiyo kwa heshima zote, kisha nikamwomba tuiweke pembeni kidogo. Nasaba inakwambia babu alizaliwa na nani, lakini aliishi vipi haikwambii. Kwa mfanyabiashara wa karne ya 19 katika pwani yetu, mahali pa kumtafuta ni pale alipokopa.

Sababu ni hizi. Mwaka 1860 hakukuwa na cheti cha kuzaliwa Unguja, Bagamoyo wala Lamu. Mtoto akizaliwa, kama baba anajua kuandika, aliandika tarehe kwenye ukurasa wa mwanzo wa msahafu, basi. Deni ni habari nyingine. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inawaamrisha waumini wakikopeshana kwa muda maalumu waandike, mwandishi aandike kwa uadilifu, na washuhudie mashahidi. Watu wa pwani waliishika amri hiyo. Na biashara ya bara haikwenda bila mkopo. Hakuna aliyetoka Unguja na msafara wa mamia ya wapagazi kwa fedha za mfukoni mwake. Alichukua mali kwa tajiri, aghalabu Mhindi wa mjini: marobota ya nguo za merikani na kaniki, ushanga, nyaya za shaba, baruti. Akaahidi kulipa kwa pembe za ndovu, zikipimwa kwa frasila, kipimo cha uzito cha pwani, akirudi. Na kurudi huko kungeweza kuchukua mwaka, miaka mitatu, au zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza wazee si "tunatoka ukoo gani". Waulize: "Mhindi wake alikuwa nani?" Nimeona wazee wasiokumbuka jina la baba wa babu yao lakini wanakumbuka jina la tajiri aliyemkopesha, kwa sababu jina hilo lilitajwa nyumbani kwa hofu miaka mingi.

Karatasi yenyewe tunaiita waraka. Umeandikwa kwa Kiarabu, hata kama mdeni na mdai wote wawili walikuwa wakizungumza Kiswahili sokoni. Usiogope. Lugha yake ni ya kurudiarudia, na ukishasoma kumi unaweza kuusoma wa kumi na moja. Huanza kwa kukiri: amekiri fulani bin fulani, wa kabila fulani, kwamba anadaiwa na fulani kiasi kadhaa. Hufuata kiasi cha deni, kwa reale za Maria Theresa, yaani sarafu za fedha, au, baadaye, kwa rupia. Kisha muda wa kulipa. Kisha mali iliyowekwa dhamana: nyumba, shamba la mikarafuu, minazi. Mwishoni tarehe ya Hijria na jina la mwandishi. Katika nusu ya pili ya karne hiyo, mdai akiwa raia chini ya himaya ya Uingereza, waraka uliweza pia kusajiliwa kwenye ubalozi mdogo wa Kiingereza uliofunguliwa Unguja mwaka 1841, na hapo ndipo ulipopata nakala ya pili. Nakala hiyo ndiyo iliyoponea mchwa na chumvi ya bahari.

Dhamana inahitaji jicho la pekee, kwa sababu hapa ndipo wajukuu wengi wanapokosea. Unakuta waraka unaosema babu "ameuza" nyumba yake, na moyo unashuka: kumbe tulikuwa na nyumba Mji Mkongwe ikauzwa! Soma mpaka mwisho. Kama kuna neno khiyari, huo si uuzaji wa moja kwa moja. Bei ya khiyari ilikuwa njia ya kukopa bila kutamka riba: mdeni anauza nyumba kwa sharti la kuikomboa akirudisha fedha katika muda waliokubaliana, na mara nyingi anaendelea kukaa humo kwa kulipa kodi kwa "mnunuzi". Nyumba hiyo hiyo inaweza kuuzwa hivyo na kukombolewa mara mbili au tatu. Ukizipanga nyaraka hizo kwa tarehe unapata kitu kama mapigo ya moyo ya biashara ya babu: anaweka nyumba anapoondoka, anaikomboa pembe zikifika, anaiweka tena.

Kuhusu tarehe, niwatahadharishe jambo moja. Barua za Kiswahili za zama hizo huhesabu miezi kwa mifungo: Mfungo Mosi ni Shawwal, unaofuata Ramadhani, na Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi. Nimemwona msomaji makini kabisa akiandika "Julai" kwa barua ya Mfungo Saba. Mfungo Saba ni Rabiul Akhir, na unazunguka mwaka mzima wa kizungu. Mkataba wa Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, na Waingereza wa kufunga masoko ya watumwa, uliotiwa saini tarehe 5 Juni 1873, uliangukia Mfungo Saba wa mwaka 1290. Miaka kumi baadaye mwezi huo ulikuwa umeshasogea hadi Februari. Ukikosea mwezi utasema msafara uliondoka wakati wa kusi hali uliondoka wakati wa kaskazi, na hesabu nzima ya jahazi na mvua itakupotea.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa mtu ambaye kila mmoja wetu analijua jina lake la utani. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, nasi tunaweza kuyalinganisha maneno yake na karatasi za watu wengine. Wazungu wa zama zake waliandika jina lake kila mtu anavyolisikia. Livingstone, aliyekutana naye mwaka 1867, aliandika Tipo Tipo. Cameron alikutana naye mwaka 1874, Stanley mwaka 1876. Safari yake kubwa ya kuelekea Manyema, mashariki ya Kongo, aliyoianza karibu mwaka 1870 kwa mali ya Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, ilimrudisha Unguja mwaka 1882. Hebu fikiri: kwa muda wa miaka 12 mtu huyu hayupo mjini. Hasali Ijumaa Unguja, hanunui nyumba, hashuhudii ndoa. Anayetafuta jina lake mjini kwa miaka hiyo, kwa nasaba peke yake, atadhani amekufa. Lakini deni lake lipo. Tajiri wake yupo, anamwandikia barua, anamsubiri. Na Taria Topan mwenyewe ndiye aliyeishika forodha ya Unguja kuanzia mwaka 1876, baada ya nyumba ya Jairam Shivji kuikodi kwa miongo kadhaa. Mkopeshaji na mtoza ushuru wa pembe ni mtu mmoja! Kwa hiyo ukilijua jina la tajiri, umeijua pia njia ya kuzifuata pembe.

Babu yako huenda hakuwa Tippu Tip. Lakini mpangilio ni ule ule. Kama alikaa Tabora, zamani zile wageni wakiandika Kazeh au Unyanyembe, au Ujiji, au Nyangwe, pitia shajara za wasafiri waliopita huko. Livingstone anawataja wafanyabiashara wengi kwa majina: Mohamad Bogharib aliyemsaidia njiani, Said bin Habib aliyekwisha kulivuka bara mpaka pwani ya Angola katika miaka ya 1850. Tafuta kwa sauti, si kwa tahajia. Said ataandikwa Syde. Na uulize wazee jina la utani, kwani bara ndilo lililotumika: Muhammad bin Khalfan el-Barwani wa Ujiji anajulikana kwenye vitabu kwa jina la Rumaliza, na mtu anayetafuta "Barwani" tu atampita bila kumwona.

Karatasi yenye habari nyingi kuliko zote huandikwa mfanyabiashara akishakufa. Kwa sheria yetu deni hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Hivyo khadhi hukaa, na wadai wanajitokeza mmoja mmoja na nyaraka zao. Na waliokuwa wakidaiwa na marehemu nao wanatajwa. Orodha hiyo ni ramani ya maisha yake: tajiri wa Unguja, mshirika wa Tabora, nahodha, muuza nguo wa Bagamoyo. Chini yake wanakuja warithi, na hapa ndipo utawakuta wanawake ambao karatasi ya nasaba iliwaacha: mke wa Unguja, mke wa bara, mama, mabinti, kila mmoja na fungu lake. Nasaba nyingi zinazoletwa kwetu hazina jina la mwanamke hata mmoja. Faili za mirathi na za wakfu zimejaa majina yao. Binti aliyeweka nyumba wakfu kwa watoto wake anakwambia baba yake aliacha nini, na wapi.

Lipo jambo ambalo silifichi kwa mgeni yeyote. Wengi wa wafanyabiashara hawa waliuza watu, na karibu wote waliwamiliki. Baadhi ya waliosafiri na misafara walikuwa vibarua wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, na wengine walikuwa watumwa waliobebeshwa pembe na kisha kuuzwa wao wenyewe. Nyaraka zinazomtaja babu yako zinawataja na wao, wakati mwingine kwa jina moja tu, wakati mwingine kwa hesabu bila jina. Ukikuta jina lililofuatwa na "khadimu wa" fulani, usilipite. Huyo ni mtumwa au mtumwa aliyeachwa huru, na wengine wao walikuja kuwa wafanyabiashara wakubwa kwa haki yao. Huenda yeye ndiye babu yako, na lile jina la kabila unalolitumia leo ni la bwana wake. Nimeketi na watu wakati wanapogundua hilo. Wengine hulia. Wengine hukaa kimya kisha wakaniuliza kama wanaweza kupata nakala.

Kwa wanaotafuta upande huo, amri ya Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliwapa mabwana haki ya kulipwa fidia, na malipo hayawezi kufanywa bila majina kuandikwa. Tanganyika Wajerumani walitoa barua za uhuru. Kumbukumbu za utawala wao ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Pwani ya Kenya, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwalazimu watu waje kudai viwanja na mashamba yao na kueleza waliyapata vipi, na maelezo hayo mara nyingi yanaanzia kwa babu.

Nje ya Afrika Mashariki nitapita haraka. Ubalozi wa Kiingereza Unguja kwa muda mrefu uliripoti Bombay, kwa hiyo nakala nyingi ziko Mumbai, na nyingine London kwenye kumbukumbu za India Office, idara ya Kiingereza iliyosimamia India. Rowley, Massachusetts, kuna barua za Wamarekani wa Salem waliouza ile nguo tuliyoipa jina la merikani. Walikuwa na mkataba na Sayyid Said tangu 1833. Waliokwenda Kongo watafutwe pia Tervuren, Ubelgiji, kunakohifadhiwa karatasi za Stanley. Na Muscat, kwa familia zilizoondoka baada ya 1964, mamlaka ya nyaraka inapokea nyaraka za watu binafsi. Lakini usianze huko. Nimewaona watu wakikata tiketi ya ndege kabla hawajalifungua sanduku la bibi.

Sanduku hilo basi. Ukilifungua, usikunjue karatasi kwa nguvu. Iache usiku mmoja kwenye chumba kisicho na upepo, ilainike. Usiipeleke kutiwa plastiki, wala usiibandike kwa selotepu, maana gundi yake hugeuka kahawia na kuula wino. Piga picha kwa simu kwenye mwanga wa dirishani, bila flashi, kila ukurasa na kitu cha kuonyesha ukubwa kando yake, hata kiberiti.

Kisha geuza. Karibu kila anayeniletea picha ya waraka huniletea upande mmoja, ule wenye maandishi mazuri. Mgongoni ndiko mdai alikoandika alivyolipwa: reale hizi mwezi huu, pembe mbili mwezi ule. Bibi mmoja wa makamo kutoka Pemba aliniletea waraka wa khiyari uliowafanya watu wa kwao waamini, kwa vizazi vitatu, kwamba shamba lao lilikwenda kwa deni. Nilimwomba augeuze. Mgongoni palikuwa na mistari mitano kwa mwandiko tofauti, wino umefifia, na mstari wa mwisho ulisema deni lote limelipwa na mali imerudi kwa mwenyewe. Alinitaka niusome tena, polepole, akaurekodi kwenye simu ili akawasikilizishe kaka zake.