Bunda Ishirini au Pakiti Ishirini? Dhana Potofu Kuhusu EDI na Ukweli Wake

Supamaketi kubwa ikimwandikia msambazaji kwamba kuanzia mwezi ujao LPO, yaani maagizo rasmi ya kununua, zitakuja kwa EDI pekee, yaani kompyuta kuitumia kompyuta hati za biashara moja kwa moja, ofisi nyingi za Industrial Area, Nairobi, huingiwa na hofu kwanza. Baada ya hofu huja maneno yanayosemwa kwa uhakika mkubwa, na mengi si ya kweli. Kazi yangu ni kuunganisha EDI na programu za kuendeshea biashara, zile za ERP kama SAP, Sage na Odoo. Dhana hizihizi nazikuta kila ofisi ninayoingia.

Dhana: "EDI tunayo tayari. LPO zetu zinakuja kwa barua pepe."

PDF ni karatasi iliyohamia kwenye skrini. Bado karani anaisoma na kuinakili kwenye programu, mstari baada ya mstari, na siku akiwa amechoka 120 inageuka 210. EDI ni pale kompyuta ya mnunuzi inapoandika agizo kwa mpangilio ambao kompyuta ya muuzaji inausoma yenyewe, bila mkono wa mtu katikati. Mpangilio huo si siri ya kampuni yoyote. Wamarekani wana X12, ambayo kamati yake iliundwa mwaka 1979. Kwingineko kwingi hutumika EDIFACT ya Umoja wa Mataifa, iliyokubaliwa mwaka 1987. Katika EDIFACT agizo huitwa ORDERS, taarifa ya mzigo ulioondoka ni DESADV, na ankara ni INVOIC. Kwenye X12 hati hizo ni namba 850, 856 na 810.

Dhana: "Tukishanunua programu ya kuunganisha, kazi imekwisha."

Hii ndiyo inayowagharimu watu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua kiwanda cha unga. Stoo yake huhesabu kwa bunda, na bunda moja lina pakiti 12 za kilo mbili. Supamaketi huuza pakiti, na huenda programu yake inaagiza kwa pakiti pia. Ujumbe unaingia na mstari huu: QTY+21:20'. Ile 21 ni alama ya kusema "kiasi kilichoagizwa", na 20 ndicho kiasi chenyewe. Ishirini nini? Kama hamkukubaliana mapema, lori linaondoka na kilo 480 kumpelekea mtu aliyetaka kilo 40. Karani angeshtuka na kupiga simu. Programu haishtuki, isipokuwa mmeifundisha kusimama na kuuliza.

Kwa hiyo kabla ya kuunganisha chochote, pande mbili zinaketi na orodha ya bidhaa na kuipitia moja moja. Pakiti iwe na namba yake ya msimbo pau, bunda nalo liwe na yake. Nyingi za hapa huanza na 616, maana yake zimetolewa kupitia GS1 Kenya, shirika linalotoa namba za msimbo pau. (Wengi hudhani 616 inathibitisha kwamba bidhaa imetengenezwa Kenya. Haithibitishi hivyo.) Matawi nayo yapewe namba za mahali, zenye tarakimu 13, kwa sababu "tawi la Thika Road" kwa dereva mmoja ni hapa na kwa mwingine ni kule. Kisha mkubaliane kama bei inayosafiri kwenye ujumbe ina VAT ndani yake au haina. Programu ya mnunuzi hulinganisha LPO, hati ya kupokelea mzigo na ankara. Bei au idadi zisipolingana kwa kiwango walichokiweka, ankara hukwama, na malipo yako hukwama nayo. Nimewaona wasambazaji wakilaumu mtandao kwa miezi huku kosa likiwa kwenye bei za zamani ambazo hakuna aliyezibadilisha upande wa pili.

Halafu kuna jina la kaunti ya Murang'a. Katika EDIFACT, ile alama ya juu iliyo kwenye "ng'" ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba sehemu imefika mwisho. Programu ikituma anwani ya Murang'a kama ilivyo, kompyuta inayopokea inaona sehemu imekatika kwenye MURANG, halafu inakutana na A isiyo na mwenyewe, na ujumbe mzima unaweza kukataliwa. Dawa ipo tangu mwanzo wa kiwango chenyewe: unatanguliza alama ya kuuliza, inakuwa MURANG?'A. Programu nzuri hufanya hivyo bila kuambiwa. Lakini nimekutana na mfumo uliotengenezwa kwa haraka ambao ulifanya kazi vizuri Nairobi, Nakuru na Kisumu, ukawa unaangusha maagizo ya Murang'a peke yake, na ilichukua siku nne mtu kugundua sababu. Ukijaribu mfumo mpya, usiujaribu kwa majina mepesi tu. Weka Murang'a, weka ng'ombe, weka kila neno la kwetu lenye alama hiyo.

Dhana: "eTIMS imeshatufanyia hayo."

eTIMS ni mfumo wa ankara wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya; hupeleka taarifa za ankara yako huko. Haimwambii mnunuzi kwamba lori limeondoka, haipokei LPO, haijui kama tawi limepokea katoni zote. Ni kazi mbili tofauti, lakini zinagusana mahali pamoja, na mpangilio wake ni muhimu. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato, kwa hiyo mnunuzi ataidai. Ankara ipite eTIMS kwanza, ipate alama zake za KRA, ndipo INVOIC iondoke ikiwa na namba ileile. Ukitanguliza INVOIC kisha eTIMS ikakataa, mnunuzi anabaki na ankara ambayo kwa KRA haipo. Na ikishapita, huifuti. Unatoa hati ya kupunguza deni, na hati hiyo nayo ipite njia zote mbili.

Dhana: "Ujumbe ukishatumwa, umefika."

Kufika kuna daraja tatu, na watu huzichanganya. Ukituma kwa AS2, itifaki inayopita kwenye intaneti ya kawaida, risiti ya kwanza husema faili limepokelewa bila kuharibika. Kisha huja CONTRL, au 997 kwa X12, inayosema ujumbe umeandikwa kwa kanuni sahihi. Hizo zote mbili hazisemi chochote kuhusu biashara. Anayekubali au kukataa agizo lenyewe hutuma ORDRSP. Kampuni inayoona CONTRL na kupanga mzigo wake kana kwamba agizo limekubaliwa inajidanganya.

Dhana: "EDI imezeeka, siku hizi ni API."

API ni njia nyingine ya programu mbili kuzungumza moja kwa moja. Mnunuzi wako ndiye anayeamua. Akitaka EDIFACT, unampa EDIFACT. Akitaka API, unampa hiyo. Kazi ya bidhaa, vipimo na bei ni ileile.

Dhana: "EDI itamwondoa karani wa maagizo."

Katika kiwanda kimoja tulitumia wiki mbili kujenga jedwali la kubadilisha namba za mnunuzi kuwa za kiwanda, na bado maagizo yalikuwa yanakosewa. Karani wa pale, mama aliyekuwa na miaka mingi kwenye meza hiyo, alitutazama tu, hakuna aliyemuuliza kitu. Siku ya kumi na moja ya kazi nikaketi karibu naye. Akafungua droo akatoa daftari la kaunta, lenye jalada lililochakaa. "Haya, kijana, andika," akaniambia. Humo mlikuwa na kila tawi, jina wanaloliita kila bidhaa, nani huagiza kwa bunda na nani kwa pakiti, na bidhaa tatu ambazo mnunuzi alikuwa amebadilisha namba zake bila kuwaarifu. Tuliandika hadi saa kumi na moja jioni. Jedwali linalofanya kazi pale leo ni daftari lile, na anayelisahihisha namba zikibadilika ni yeye.